Mgonjwa wa Gereji

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la milango mitano, na mwenye nalo, mfanyabiashara mmoja wa Majengo, alikuwa ameliosha mpaka matairi yanang'aa. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Kiangazi cha Mpanda, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, mtu anaosha matairi kwa nini kama hana la kuficha? Lakini nililitaka gari lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na mtu akitaka kitu namna hiyo macho yake hayamsaidii sana. Nilimuuliza lina tatizo gani. Akasema linachemsha kidogo tu kwenye safari ndefu, fundi yeyote angelimaliza.

Nililitaka kwa ajili ya mama. Moyo wake ulikuwa umetanuka, ndivyo daktari alivyotueleza, na sisi tukaitikia kama tuliomwelewa. Miguu ilimvimba. Akitoka jikoni kwenda kufungulia kuku, ilibidi asimame katikati ya uwanja avute pumzi, na akimwona mtu anamtazama anajifanya kuangalia mawingu. Yeye na baba walikuwa wakiishi Kibaoni, mimi naishi Nsemulwa, hapa Mpanda mjini, na kati yetu kuna barabara inayokatiza hifadhini. Basi lilikuwepo, lakini basi halimngoji mgonjwa. Daktari alisema pumzi ikimbana aletwe hospitali papo hapo, asingoje kesho, kisha akaanza kutaja hospitali kubwa ya mbali ambako huenda angefunguliwa kifua. Nikapanga mambo kichwani kama mtu anayepanga bidhaa kwenye rafu. Kwanza gari, halafu rufaa, halafu mama atapona. Nilimwomba ahamie kwangu, akacheka, akaniuliza kuku wake nao watahamia kwa nani.

Baba alikubali kuuza ng'ombe. Kwa asiyemjua baba hayo ni maneno ya kawaida. Baba ni Msukuma aliyeingia Katavi akiswaga mifugo kutoka kaskazini kabla sijazaliwa, na ng'ombe akiugua analala naye zizini. Nilijiandaa kwa ubishi wa wiki nzima. Hakubisha hata kidogo, na ukimya wake ulinitisha kuliko ubishi.

Siku ya kulikagua gari mama alikuwa na kliniki. Tulipotoka hospitali baba akasema twende naye gereji, alione, kwa kuwa ndiye atakayelipanda. Mwenye gari alituachia ufunguo, akaenda zake kwenye shughuli zake. Gereji yenyewe ni uwanja tu kule kwetu Nsemulwa, ardhi nyeusi kwa oili, na fundi wake ni mtu wa rika langu ambaye mtaa mzima unamwamini. Tulimwekea mama kiti cha plastiki kivulini, karibu kabisa na gari. Bado alikuwa na plasta mkononi, pale walipomtoboa kutoa damu.

Baba alilikagua gari kwa namna anayoijua. Alilizunguka, akainama kutazama tumboni, akabonyeza tairi kama anayepima nundu, akauliza kwa nini mwenyewe analiuza, swali la kwanza la mnadani. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akatuonyesha. Chini yake kulikuwa na utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Akatueleza kwamba maji yameingia kwenye oili, gasketi imeungua, na huenda hedi, kile kichwa cha injini, nayo imepinda kwa joto. Kisha akajifuta mikono, akaegemea gari hatua chache kutoka kiti cha mama, akasema kama mafundi wote wanavyosema, ambao kwao gari bovu ni mgonjwa na gereji ni wodi.

"Mzee, nikuambie ukweli. Huyu mgonjwa msihangaike naye. Nikimfungua, sina uhakika kama atafungika. Mtatumia hela, atatembea siku mbili tatu, mtamrudisha hapa hapa."

Baba hakulitazama gari. Alimtazama mama. Kiswahili chake alikiokota minadani na kwenye ofisi za watendaji, lugha ya gereji hakuwahi kuisikia, na tangu asubuhi tulikuwa kwenye foleni ambamo neno mgonjwa lilikuwa na maana moja tu. Akajinyoosha, fimbo mkononi.

"Kijana," alisema, "huyo ni mke wangu."

Fundi hakuelewa mara moja. Alipoelewa alikosa pa kuweka mikono yake. Akaomba radhi, akagonga boneti kuonyesha aliyekuwa akimsema, akaapa kwa Mungu kwamba amesema gari. Tukacheka. Mama ndiye aliyecheka kutushinda wote, akacheka mpaka pumzi ikamkata, nikalazimika kumshika mgongo huku bado anacheka na machozi yanamtoka. Na mimi nilicheka, ingawa ndani nilikuwa nimeumia vibaya. Baba peke yake hakucheka. Alisimama akilitazama gari kama mtu aliyetukanwa na asijue amrudishie nani.

Mchana ule tulikaa sebuleni kwangu na chai. Nilikuwa naongea mimi tu. Nikasema mafundi ni wengi, yule si malaika, tutalipeleka gari kwa mwingine kule Majengo, na huyo akishindwa yupo mwingine. Mama aliweka kikombe chini.

"Huyo mgonjwa mwacheni," alisema. "Msimfungue. Mrudisheni kwao apumzike."

Niligeuka kumtazama. "Mama, tunaongea habari ya gari."

"Na mimi naongea habari ya gari."

Nilikasirika. Nilimkasirikia fundi na mdomo wake, nikaikasirikia ile lugha yao ya kijinga iliyompa mama mlango wa kutokea. Kwa miezi yote ile hakuna aliyekuwa amethubutu kusema kwamba mama hataki kufunguliwa kifua, wala mama mwenyewe, na sasa alikuwa amelisema huku akichovya mkate kwenye chai. Nikaendelea kubishana, lakini hata mimi sikutaja moyo. Nilitaja gasketi. Nikasema siku hizi vipuri vinapatikana, mambo ya zamani yamepita, watu wanafungua magari mabovu kuliko hilo na yanatembea mpaka Dar. Mama alinisikiliza kwa upole wote. Akasema gari nalo lina umri wake, likishachoka limechoka, ukilivuta vuta unalitesa.

Ndipo baba akamuuliza kwa Kisukuma kama amechoka.

Akajibu kwa Kisukuma kwamba amechoka. Kwa Kisukuma hatukuwa na gari la kujificha nyuma yake. Baba aliitikia kwa kichwa, akaomba aongezewe chai, nami nikaenda jikoni nikalia huku nimefungua bomba la maji wasinisikie.

Kesho yake baba alirudisha ufunguo Majengo, wakapanda basi wakaenda kwao. Mama aliishi mpaka mpunga ulipoanza kuvunwa. Pumzi ilimbana asubuhi moja, akamwambia baba amkalishe, akakalishwa, na hakuna aliyemkimbiza popote. Nilifika jioni kwa basi. Wanawake walikuwa wameshamwogesha.

Mwanzoni nilijipa moyo kwa lile gari. Nilijiambia kwamba hata tungelinunua lisingefika, lingetufia hifadhini katikati ya mbung'o, mama amelala kiti cha nyuma, na basi lisingesimama. Fundi alikuwa amesema. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutuepusha na hilo, na shukrani hiyo niliishikilia kwa muda mrefu kwa sababu sikuwa na kingine cha kushikilia.

Kisha msimu huu, nikienda kumwona baba, nilichelewa basi. Stendi wakanielekeza kwenye gari dogo la abiria liendalo Kibaoni. Nililitambua kabla sijalifikia. Nilipanda kwa sababu miguu ilishapanda, nikakaa mbele, na tulipotoka mjini nikamuuliza dereva injini yake ikoje.

"Hii?" akasema. "Nimeinunua mbovu dada, kila mtu ananicheka. Ikafunguliwa, hedi ikachongwa, ikafungwa. Haijanisumbua mpaka leo."

Nilikuwa natazama mshale wa joto tu. Tukapita Sitalike, tukapita darajani kwenye viboko, tukaingia hifadhini, tukapanda, tukashuka, na mshale haukusogea. Nilitamani usogee. Namwomba Mungu anisamehe, nilitamani lichemshe hapo hapo na watu wote tushuke, ili niendelee kuamini kwamba hakukuwa na njia. Halikuchemsha. Nililia, na mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akadhani ni vumbi, akaniambia nipandishe kioo.

Baba nilimkuta uwanjani anachonga mpini. Akashangaa nimewahi hivyo, maana basi lilikuwa bado. Nilikuwa nimeapa njia nzima kutomwambia. Nikasema nimepata usafiri mwingine, wa haraka.

"Lile jeupe," akasema.

Akaendelea kuchonga, hakuinua macho.

"Huwa anapita hapa kila siku, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma kama alivyoniita tangu utoto. "Nikisikia mlio wake, naingia ndani."