Feruzani wa Dutwa

Joakim Mboje alikuwa na mashine ya kusaga pale Dutwa, nyuma kidogo ya stendi, na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyewahi kumtazama usoni. Msagaji ana uso mmoja tu, nao ni wa unga. Kope nyeupe, masharubu meupe, masikio meupe. Wanawake walifika, wakamsalimu "Mwangaluka, baba," wakatua mahindi yao, wakapiga soga hadi zamu zao zikafika. Yeye hakuwa mtu wa maneno. Mashine ikishawaka hakuna anayesikia kitu, na jioni akirudi nyumbani masikio yanaendelea kuvuma, kwa hiyo hata televisheni hakuwa na habari nayo.

Mambo yalianzia kanisani, siku binti yake Gloria alipopata kipaimara. Mkewe, Milembe, alimsugua uso kwa maji ya moto, akamchonga masharubu vizuri, akamvalisha suti nyeusi ya kuazima. Joakim alipoingia kanisani, mwanamke mmoja wa benchi la nyuma alimshika mwenzake mkono.

"Feruzani," alisema.

Mwanamke huyo alikuwa Benedikta, mwenye mgahawa wa kona, ule wenye televisheni kubwa kuliko zote Dutwa. Mgahawani kwake, kila Jumamosi mchana, watu walikuwa wakifuatilia marudio ya tamthilia moja ya ng'ambo iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ndani yake kulikuwa na tajiri mmoja aliyeitwa Ferzan, ambaye kwetu alikuwa Feruzani tu. Alivaa suti nyeusi, alikuwa na masharubu ya kuchonga, na kila alipopanga ubaya nyusi yake ya kushoto ilipanda juu. Sasa nyusi ya kushoto ya Joakim ilikuwa imepanda juu tangu mwaka ule mkanda wa mashine ulipokatika ukamchapa, na haikuwahi kushuka. Wakati askofu anampaka binti yake mafuta, nusu ya kanisa ilikuwa inamwangalia baba mtu kwa hasira.

Jumatatu wateja walikuwa wachache. Waliokuja hawakusalimia. Mama mmoja alisimama mlangoni na debe lake kichwani, akamtazama kwa muda mrefu.

"Yule yatima amekukosea nini?" aliuliza.

"Yatima gani, mayu?"

"Na bado anauliza," yule mama alisema, akageuka na mahindi yake, akaenda kusaga kwingine.

Joakim alirudi nyumbani akamuuliza mkewe. Milembe, ambaye naye hakukosa Jumamosi hata moja kwa Benedikta, alimweleza yote: kwamba Feruzani amemfungia chumbani binti yatima aitwaye Elmira ili akubali kuolewa naye, na kwamba nyumba nzima ya Feruzani imejaa siri, hata dada yake si dada.

"Ni mchezo tu, Baba Gloria," alisema. "Usiutie moyoni."

Wakaketi kula. Kisha Milembe akauliza, kana kwamba jambo limemjia hivi hivi, "Yule dada yako wa Magu. Ni dada yako kweli?"

"Si ulimwona kwenye msiba wa mama, analia?"

"Hata yule wa Feruzani alilia."

Lililomchosha zaidi Joakim ni kwamba watu hawakuwa sehemu moja ya hadithi. Waliotazama kwa Benedikta walikuwa mbele. Wa vijijini, wenye televisheni ndogo za sola, walitazama kwa flashi zilizojazwa Bariadi mjini, na flashi zilikuwa nyuma sana. Kwa hiyo siku moja, mbele ya mashine hiyo hiyo, mama mmoja alimletea uji wa ulezi wenye maziwa, akamwambia pole kwa upasuaji, na mwingine papo hapo akasema mtu kama huyu angefaa alale jela bila blanketi.

"Mtu yuko hospitali, wewe unasema jela?" aliuliza wa uji.

"Hospitali gani?"

"Kumbe hujafika hospitali? Si pale anapopigwa ris..."

Wa jela aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akakimbia hadi barabarani, akasahau unga wake. Joakim akabaki ameshika uji. Aliunywa, maana ulikuwa mzuri, lakini akaona kwamba maisha haya hayawezi kuendelea hivi. Mtu anayelaumiwa ana haki ya kujua alifanya nini.

Jumamosi iliyofuata aliingia kwa Benedikta. Aliagiza chai na chapati, akakaa mbele kabisa, na alipotokea Feruzani kwenye kioo watu walitazama kioo, wakamtazama yeye, wakarudi kwenye kioo. Joakim hakugeuka. Wiki ile alimwomba kijana anayejaza flashi amletee sehemu zote tangu mwanzo, akazitazama nyumbani kwa jirani, mchana, mashine ikiwa imezimwa. Akarudi Jumamosi ya pili akiwa na maoni.

"Nina swali," alisema tangazo la sabuni lilipoingia. "Yule mzee, mjomba wa Elmira. Shamba analolima ni la nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni la baba yake Feruzani. Mjomba alilichukua. Mbona hilo hamlisemi?"

"Shamba ni shamba," alisema Benedikta, akiwa amesimama na kisu cha nyanya. "Kumfungia mtoto wa watu ni jambo jingine."

"Sijasema alifanya vizuri kufunga. Nimeuliza shamba."

Waliendelea hadi chai ikapoa. Kutoka siku ile Joakim hakunyamaza tena. Ilikuwa kama maneno yote aliyoyameza kwa miaka mingi ya kelele yalikuwa yanatoka pamoja. Alisema Elmira analia kabla hajaambiwa kitu. Alisema daktari wa hadithi ile hajawahi kuonekana akinawa mikono. Alisema matajiri wale wanaandaliwa meza ya kulisha harusi, mtu mmoja anatamka neno baya, wote wanainuka, na chakula hakuna aliyekigusa. "Kinakwenda wapi?" aliuliza, na kwa hilo hata Benedikta, ambaye chakula ndiyo kazi yake, alikubali kwamba pale pana kasoro.

Wateja wakarudi, tena wakaongezeka. Walikuja kubishana. Joakim alikuwa akizima mashine katikati ya debe la mtu ili ajibu hoja, na mwenye debe akilalamika, wengine walimwambia anyamaze wasikie.

Katika hali hiyo ndipo mpwa wa Milembe, Salu, aliyelelewa na Joakim kama mwanawe, alipopata mchumba huko Shishiyu. Binti aliitwa Anna. Pamba ilikuwa imeshauzwa na ng'ombe walikuwepo. Ilibaki watu waende kukaa kikao cha mahari, na msemaji wa upande wa kijana alikuwa Joakim. Salu alikuja kumwona akiwa ameshika kofia.

"Baba, kule wana flashi," alisema.

"Wamefika wapi?"

"Kwenye kumfungia."

Joakim alikaa chini. "Hatuwezi kungoja wasogee kidogo? Wafike hata hospitali?"

"Kikao kimeshapangwa."

"Nenda na unga usoni," alisema Milembe, na hakuwa anatania.

Mwishowe alinyoa masharubu. Walifika Shishiyu asubuhi kwa basi, wakapokelewa vizuri na baba wa binti, Nyanda, mtu mpole mwenye ng'ombe wengi. Wakakalishwa uani, wazee huku, wanawake kule karibu na jiko. Nyanda alikuwa ameanza tu kuulizia habari za mvua wakati mama yake, bibi Nyanjige, alipoinuka kule jikoni, akaja taratibu na fimbo yake, akasimama mbele ya Joakim.

"Amenyoa ili tusimtambue," alisema.

"Mayu, huyu ni Joakim wa mashine ya Dutwa," alisema Nyanda.

"Namfahamu. Mjukuu wangu hatatoka hapa kwa maneno ya mtu anayefungia watoto wa watu."

"Bibi," alisema Joakim kwa heshima, "mimi siye. Tumefanana tu."

"Wote husema hivyo."

Salu aliinamisha kichwa. Wazee wa upande wa Nyanda walitazamana, na ilionekana wazi kwamba angalau wawili wao walikuwa na wasiwasi kama wa bibi. Joakim alifikiri. Akaona kukana hakutamfikisha popote.

"Basi, bibi, nijibu kama Feruzani," alisema. "Lakini na mimi niulize. Nyanda, mtu akija hapa Shishiyu, akang'oa mipaka ya shamba lako, akapanda pamba juu ya kaburi la baba yako, utamkaribisha chai?"

Wazee waliguna.

"Kaburi lilikuwa humo?" aliuliza bibi Nyanjige.

"Lilikuwemo. Sehemu ya kwanza kabisa wanaonyesha jiwe."

"Sikuona jiwe."

"Mimi nililiona," alisema mzee mmoja. "Nilidhani ni la kunolea visu."

"Siku ile betri ilikuwa dhaifu," alisema mwingine. "Tuliona giza giza tu."

Basi kikao kikageuka. Waligawanyika, wengine kwa Feruzani, wengine kwa Elmira, na mgawanyiko huo haukufuata ukoo. Mjomba wa Anna alijikuta upande mmoja na Joakim, akimshika bega. Mzee aliyetoka Dutwa kumsaidia Joakim alijikuta akimshambulia. Ugali ukaletwa, wakala wakibishana. Walipokuja kukumbuka ng'ombe, kila mtu alikuwa amechoka na amezoeana na mwenzake, na idadi ambayo kwa kawaida ingewachukua siku nzima ya kukunja nyuso ilikubaliwa wakati watu wananawa mikono.

Lakini bibi Nyanjige alikuwa bado amesimama.

"Shamba nimelisikia," alisema. "Na mlango?"

Joakim alikung'uta maji mikononi. Alimtazama bibi, akamtazama Anna aliyekuwa anachungulia kutoka jikoni.

"Mlango nilikosea," alisema. "Sikupaswa kufunga. Ningewaita wazee wake tukakaa, kama tulivyokaa hapa. Na binti akikataa, nikaenda zangu."

Bibi aliitikia kwa kichwa polepole.

"Hapo umesema," alisema, akaagiza Joakim aletewe maziwa.

Harusi ilifungwa wiki chache baadaye, na Shishiyu ilijaa watu. Kabla ya siku hiyo, kwa bahati mbaya, kwenye televisheni ya Benedikta Feruzani alikufa. Alikuwa ameshatoka hospitali, akaingia mbele ya risasi nyingine iliyomlenga Elmira. Mgahawani hakuna aliyeagiza kitu kwa muda mrefu. Jumatatu wanawake walifika kwenye mashine wakiongea chini chini, mmoja akiwa na michembe ya viazi, mwingine na kuku, wakaviacha mlangoni bila kueleza ni vya nini. Joakim aliwashukuru, "Wabeja, mayu," kisha akafunga mashine mchana ule. Alisema beringi imeharibika. Milembe alimkuta nyuma ya jengo amekaa juu ya gunia la pumba, akakaa pembeni yake.

Siku ya harusi bibi Nyanjige alituma aitwe. Akamkalisha kwenye kiti kilicho karibu naye, mbele ya wazee wote, na watu wakaona jinsi alivyomvutia sahani.

"Tumefika hospitali," alisema bibi kwa sauti ya chini. "Nimekuona umelazwa, una mabomba puani. Roho imeniuma. Unaonaje, utapona?"

Ng'ambo ya meza Benedikta, aliyealikwa kutoka Dutwa, alisikia. Alimkazia Joakim macho, akatikisa kichwa kidogo: usithubutu.

"Madaktari wana matumaini, bibi," alisema Joakim.

"Ukipona umwache yule mtoto aolewe na amtakaye."

"Nitamwacha."

"Na shamba?"

"Shamba nitalipeleka baraza la kata."

"Hapo sawa," alisema bibi, akachagua pande zuri la nyama kwenye sahani yake mwenyewe, akalihamishia kwenye ya Joakim. "Kula sasa. Mgonjwa lazima ale."