Nati za Tairi la Akiba

Fundi wa magurudumu huanza kukaza kila nati kwa vidole, macho kayafumba, kama anayeonja chumvi. Mwalimu mwenye gari hakutulia; rimu mpya, zilizokwisha kufungwa kwa nati zake mpya, zilimeremeta, na funguo zilimcheza mkononi.

“Fundi, niondoke?”

“Bado, mwalimu wangu!”

Akavua gurudumu moja jipya, akatoa kwenye buti tairi la akiba, lenye rimu ya zamani, akalifunga kwa nati zilezile mpya. Likacheza kama jino la mtoto. Fundi akaruka juu kama aliyefunga goli.

“Si nilijua! Nati mpya na rimu ya zamani haziivi chungu kimoja!”

Akalivua, akakusanya nati za zamani alizozifungua mwanzo, akazifunga kitambaani, akazining'iniza kwenye tairi la akiba. Akarudisha rimu mpya, akalilaza tairi la akiba kwenye buti, akalifunga buti na kulipiga kofi, uso mzima meno.

“Haya, mwalimu, sasa nenda kapate pancha popote!”