Mama Matundu

Tangu mama yule aondoke, hakuna anayesema na vijiti vya kupimia katika chumba kile cha kuoshea cha maabara. Mashine ya kutikisia inanguruma peke yake, na waliobaki hufanya kazi kimya kana kwamba wako msibani. Zamani ungemsikia kutoka kwenye korido: "Haya, toka. Mgeni gani wewe usiyejua kuaga?"

Mgeni mwenyewe alikuwa asidi amino, kijenzi kimojawapo cha protini ya chakula. Kazi ya mama huyu ilikuwa kuikoroga ndani ya polima, aina ya plastiki, ikiwa bado majimaji, kuupaka mchanganyiko huo juu ya kijiti kama ngozi nyembamba, kuuacha ugande, kisha kuuosha mpaka asidi yote itoke na kubakiza matundu yenye umbo lake. Kijiti kikichovywa mahali penye asidi ileile, asidi huingia tunduni kama mguu kwenye kiatu ulichokizoea, na mita iliyounganishwa na kijiti hupanda. Ndiyo maana wote, hata mkuu wa maabara, walimwita Mama Matundu.

Mjukuu wake alizaliwa na mwili usioimudu asidi amino hiyohiyo. Ikizidi damuni huharibu ubongo. Akinyimwa mno, hakui. Majibu ya vipimo vya damu kutoka hospitali yalichelewa kila mara, na muda wote huo binti yake alipima chakula cha mtoto roho ikiwa juu. Mama Matundu alitaka kitu kimoja tu: kijiti ambacho binti yake angekitumia mwenyewe jikoni.

Kundi la kwanza la vijiti lililoelekea kufaa, alilitoa kwenye maji ya kuoshea mapema. Uvumilivu ulimwishia. Akapeleka kimoja nyumbani, wakapima damu ya mtoto. Mita ikapaa. Binti akapunguza uji, akaondoa viazi.

Baada ya siku chache mtoto alikuwa amejilaza sakafuni.

"Bibi, nina njaa."

"Najua, mume wangu."

"Mume gani hapewi chakula?"

Binti alicheka kidogo, kisha akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Asubuhi Mama Matundu alichukua kijiti kingine cha kundi lile, akakichovya katika maji matupu. Mita ikapaa vilevile. Asidi aliyoiacha ndani ya ngozi ya kijiti ilikuwa ikivuja na kurudi matunduni. Kijiti kilijipima chenyewe. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani.

"Mrudishie chakula chake kama hospitali walivyosema," alimwambia binti yake kabla hata ya kuvua viatu. "Kile kijiti kimesema uongo. Sikukiosha vya kutosha."

Binti aliweka chini kijiko cha kupimia.

"Wewe, mama? Wewe uliyekuwa ukinirudisha kuosha sufuria upya mpaka vidole vinakunjamana?"

"Mimi huyohuyo."

 Binti alibandika sufuria ya uji.

Majibu ya hospitali yalipokuja, damu ya mtoto ilikuwa sawa. Hakuna aliyemlaumu, lakini binti alikataza kijiti kingine kuvuka mlango wake. Mama Matundu naye, tangu hapo, alichovya kila kundi katika maji matupu kwanza. Mita ikitikisika, lote lilirudi kuoshwa. Kazi ikaenda polepole. Miaka ikapita, akastaafu, vijiti vikiwa bado havijatoka maabara.

Sasa anaishi kwa binti yake, chumba cha nyuma, na ndiye anayempimia mjukuu chakula kwa mizani ya jikoni.