Gauni la Zoraide Lililonuka Siku Kumi na Mbili

Jamaniii, ukumbi mzima wa sinema pale mtaani Madureira ulisimama kumpigia Zoraide makofi! Zoraide yule yule wa kufua nguo za watu! Ila kabla ya makofi kulikuwa na uvundo, tena uvundo wa kutapisha.

Alikuwa anaimba huku anafua, redio ikamchukua, na Januari ile ya joto la kufa mtu akapewa filamu yake ya kwanza, ya vichekesho vya kanivali. Gauni la kuigizia filamu nzima moja tu, jeupe. Siku ya kwanza mchekeshaji akammwagia kifuani mchuzi wa maharage na nguruwe, maana hadithi ndiyo iliyotaka hivyo. Bosi Evaristo, mwongozaji, akapiga marufuku: "Hakuna kufua! Doa likibadilika, picha haziungani. Ukiligusa, huna kazi."

Basi siku kumi na moja! Milango imefungwa kelele zisiingie, taa zinachoma, jasho linatiririka, mchuzi umechacha. Inzi nao wakawa waigizaji. Kila asubuhi akilivaa linamnata mwilini, baridi, kama ulimi wa ng'ombe. Yeye, aliyefundishwa na mama yake kwamba nguo chafu ni aibu ya dobi!

"Wewe samaki wa juzi," mchekeshaji akamtania, "nikubusu nimeziba pua?"

"Ziba na mdomo, mzee. Kwani wewe unanukia waridi?"

Siku ya kumi na mbili funza akadondoka kutoka kwenye pindo. Yak! Zoraide akatapika palepale. Mchana wenzake wakienda kula, akavaa kanga ya studio, akalipeleka gauni kwenye karo la nyuma, akalisugua kwa sabuni ya mche, analia na kuimba, anajua kabisa kazi imeisha. Doa likatoka lote.

"Umeniua!" Evaristo akafoka. "Rudi kwenye ndoo zako!"

"Narudi, bosi. Ila hili chukua ulinuse, halafu unuse na lile shati lako."

Mpiga picha akacheka mlangoni, kamera mkononi. "Bosi, nimeyapiga yote. Kulia, kuimba, kufua. Sasa doa lina sababu ya kutoka."

Evaristo akalinusa shati lake. Akakubali, wakaiweka picha hiyo kwenye filamu.

Na ni hapo, anapolikamua lile gauni, Madureira iliposimama. Mama yake akapiga kelele kuwashinda wote: "Limetakata, mwanangu!"

Akacheza filamu sita zaidi, na hakuna gauni alilovaa bila kulifua mwenyewe.

Tafadhali, mtumie mwenzako naye aisome.