Sauti Yangu Iko Kwenye Mdomo wa Kelvin

Admin, naomba unifiche kabisa. Ukitaja kwamba natoka Keza, huku wilaya ya Ngara, si mbaya, Keza ni kubwa, ila mama yangu ana marafiki wanaosoma ukurasa huu halafu wanaenda kumsimulia. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha.

Mimi ni msichana wa miaka 17, mtoto wa wakulima, nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Nina aibu sana. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili nikawa nafanya vizuri, sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza. Mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo lakini halitoki, darasa linacheka. Sehemu pekee ambayo sauti yangu haijawahi kukwama ni shambani. Tangu utotoni kazi yangu ni kufukuza ngedere kwenye mahindi. Ngedere wa kwetu ukimpigia kelele za kawaida anakuangalia tu huku anatafuna. Mama ndiye alinifundisha kuitoa sauti tumboni, nzito, ya kukwaruza, kama kuna mnyama mkubwa kajificha kwenye migomba. Hapo wanakimbia bila kugeuka nyuma.

Sasa kuna kaka mmoja wa Rulenge, nimwite Deusi, alikuwa anapiga kinanda kwaya ya vijana ambayo na mimi nilikuwa naimba mstari wa nyuma. Yeye na Fide, rafiki yangu ambaye familia yao asili yake ni Burundi, wakaanzisha bendi. Mwanzoni walikuwa wanapiga nyimbo za kwaya kwa haraka tu. Halafu Deusi akapata gitaa, akaliunganisha kwenye spika ya redio iliyochanika, likawa linanguruma vibaya, akasema hii ndiyo metali, ule muziki wa Wazungu wa kuimba kwa kunguruma. Likizo iliyofuata Fide akaleta ngoma za babu yake, zile za kupigwa umesimama. Mara wakaongeza inanga, lile zeze la kulaza la wazee. Watu wakija kusikiliza hawajui wacheze au wapige ishara ya msalaba. Kilichokosekana ni muimbaji, kwa sababu Deusi akijaribu kunguruma anakohoa.

Fide ndiye aliyenitaja. "Huyu dada mnamuona mpole hivi, nendeni mkamsikie shambani."

Niliwaambia kuimba mbele za watu siwezi, na mama akijua nimekwisha. Deusi akafunga kitenge mbele yangu, nikawa naimba nyuma yake. "Siku ukiwa tayari, mdogo wangu, pazia tunalitoa sisi wenyewe." Niliamini. Nyuma ya kile kitenge kila neno lililowahi kunikwama darasani lilitoka. Tulirekodi nyimbo kwenye laptopu ya Deusi, akasema ni za mazoezi.

Nilipomaliza mtihani nikaenda kwake nikamwambia niko tayari. Nilijiandaa njia nzima. Alinitazama akacheka. "Wewe? Ukiulizwa jina unaangalia vidole vya miguu. Watu wanataka sura, mdogo wangu." Siku chache baadaye akamleta Kelvin, kijana mrefu wa Ngara mjini, minyororo shingoni, shambani hajawahi kukanyaga. Sasa wameweka na singeli ndani, wanapiga mpaka Biharamulo, Kelvin anarukaruka jukwaani na kuchezesha mdomo. Sauti inatoka kwenye laptopu. Ni mimi! Kuna video anaulizwa kaipata wapi sauti ile, anajibu, "Hii nimezaliwa nayo, bro." Nilipomwandikia Deusi alinijibu, "Sauti yako ni mali ya bendi, tuko pamoja." Akaweka na emoji ya kopa.

Sijalia. Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Jumamosi hii wanapiga kwenye bonanza la vijana Rulenge, na anayeshika laptopu siku hizi ni Fide. Ameniambia, "Dada, wewe nipe ishara tu. Naizima katikati ya wimbo, abaki na mdomo wazi kama samaki." Yuko tayari kufukuzwa, ngoma ni za babu yake, ataondoka nazo. Halafu mimi, kutoka kwenye umati, niumalizie ule wimbo. Sitaki Kelvin aniombe msamaha. Nataka uwanja mzima ugeuke unitafute, na Deusi aione sura yangu vizuri.

Tatizo ni mama. Siku hiyo yeye na wenzake wa jumuiya ya kanisani ndio wanapika pale uwanjani. Muziki huu alishasema ni wa mapepo, na binti atakayemuona humo hatalala nyumbani kwake. Na nikifungua mdomo hatahitaji kuambiwa na mtu, sauti ile ni yake.

Juzi tulikuwa tunapalilia maharage, bodaboda ikapita na wimbo wetu. Mama akanyooka, akaegemea jembe.

"Huyo mtoto wa watu anafukuza ngedere."

Nikang'oa gugu kwa mkono.

"Nani kamfundisha?"

"Sijui, mama."

Akanitazama usoni. "Pumzi yake fupi. Mwishoni anaikata mapema." Akainama akaendelea kupalilia.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Sijui kama alinionya au alinirekebisha. Nyinyi wakubwa mliopitia mengi, nishaurini: Jumamosi nimpe Fide ishara, au nikae karibu na masufuria ya mama nimsikilize Kelvin akinguruma kwa koo langu? Matusi sitaki, ila ukweli niambieni. Pumzi nimeanza kuifanyia mazoezi. Sasa hivi mwishoni siikati.