Siku Selim Alipokufa Kwenye Televisheni

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai. Baridi kavu tangu alfajiri, jua lipo lakini halipashi, na upepo unaleta lile vumbi la njano la vilima vya machimbo mpaka ndani ya saluni. Saa nne hivi mteja mmoja alikaa kwenye kiti changu, akatoa chupa ndogo mkobani, akaniomba nimpake mafuta yake mwenyewe kabla sijaanza kusuka. Nilipofungua kizibo harufu ilinipanda puani mpaka machozi yakanilengalenga. Mafuta ya haradali. Nilisimama na kitana mkononi kama mjinga, maana harufu ile kwangu si ya nywele. Ni ya duka la Selim, hapa hapa Malvern, mtaa wa pili kutoka barabara ya Jules, likizo ya baridi nilipokuwa na miaka tisa. Katika daftari hili huwa naandika mambo ya siku tu, nani kaja, nani hakuja. Leo nitaandika jambo lile lote, na nitajitahidi nisijipendelee. Shule niliishia darasa la tisa, kwa hiyo atakayesoma anivumilie.

Selim alikuwa Mbangladeshi mwembamba, mwenye kovu lililokata unyusi wa kushoto. Duka lake lilikuwa gereji iliyogeuzwa spaza, kiduka cha mtaani, mikate na sabuni na mishumaa vimepangwa mpaka darini, naye akiuza kupitia dirisha la nondo. Wakubwa walimwita "rafiki yangu" kwa Kiingereza, kama wanavyowaita wenye maduka wote wageni, naye akawaita hivyo hivyo. Nyuma ya pazia alipika dengu na samaki kwa mafuta yale ya haradali, na juu ya friji ya soda alikuwa na televisheni ndogo iliyoonyesha sinema za Kibengali kutwa nzima. Mama alishona nguo chumbani kwetu ng'ambo ya barabara, mahali ambapo aliuona mlango wa gereji kila alipoinua kichwa, kwa hiyo aliniruhusu nikae pale mlangoni juu ya kreti, karibu na hita ya mafuta ya taa. Chumba chetu hakikuwa na hita. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba mwanzo nilifuata joto, si sinema.

Lakini sinema zilinishika. Sikuelewa hata neno moja, na sidhani nilikosa kitu. Kulikuwa na mwigizaji mmoja mnene mwenye koti la ngozi, anapiga watu kumi peke yake bila nywele zake kuhama. Kulikuwa na dada mwenye macho makubwa, sari yake ikipeperushwa hata wanapokuwa ndani ya nyumba. Na kulikuwa na mama mmoja wa makamo, sijui jina lake, ambaye kazi yake katika kila sinema ilikuwa kumlilia mtoto. Siku moja mama yangu alikuja kununua uzi akamkuta analia, akasimama mpaka mwisho huku kashika uzi wake. "Huyu analia vizuri," alisema. "Kwetu Buyenzi angeitwa kwenye misiba yote." Selim alicheka sana nilipomtafsiria. Nilipenda kazi hiyo ya kutafsiri. Jioni, katika ua wa nyumba yetu, nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba saba, watoto walikaa kwenye ngazi nami nikawahadithia sinema ya siku hiyo. Pale ambapo sikuelewa niliweka changu.

Sasa nafika penye uzito. Siku moja Selim aliweka sahani ya DVD, sinema ambayo nilikuwa sijaiona, akaongeza sauti, akanyoosha kidole. Kwenye picha kulikuwa na soko, na katikati ya soko kijana mwenye fulana nyeusi akamnyakua mtoto mikononi mwa mama yake, yule yule wa kulia vizuri, akakimbia naye. Kijana alikuwa Selim. Kovu lilikuwa pale pale. Yule mnene alimkamata baada ya dakika moja, akampiga, ikawa ndiyo mwisho wake. Selim alinieleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na maneno mawili matatu ya Kizulu: zamani kwao Dhaka alikuwa akisimama asubuhi kwenye lango la studio pamoja na vijana wengine, mtu anatoka, anawatazama nyuso, anachagua. Mwenye uso mzuri anakuwa mgeni wa harusi. "Mimi kovu," alisema, akigusa unyusi. "Kwa hiyo mwizi. Kila mara mwizi." Alikuwa na sahani nne ambamo alionekana, amezifunga kwenye kitambaa safi chini ya mikate. Katika moja alikuwa mpiga ngoma wa harusi, akaniambia hiyo ilikuwa bahati. Katika nyingine alipigwa risasi akafa.

Kwa hiyo nilijua. Nimejiuliza mara nyingi kama mtoto wa miaka tisa anajua tofauti ya sinema na kweli, na ningependa kujibu kwamba hajui. Lakini yule mnene nilimwona akifa Jumatatu na Jumatano yuko hai na koti lake. Nilijua vizuri sana.

Jioni ile kwenye ngazi Chance, binti wa Mama Chance msusi wa Bukavu aliyekaa chumba cha mbele, alinikatiza hadithi. Alikuwa na miaka kumi na mbili na alinizidi kwa kila kitu. "Ee, tumechoka na machozi yako," alisema. "Kila siku mama analia, kila siku mama analia. Wewe hujui hadithi nyingine?" Watoto wakacheka. Nikasikia masikio yanawaka. Nikasema: "Basi Selim ni mwizi wa watoto. Nimemwona kwa macho yangu, kwenye televisheni, anamnyakua mtoto sokoni anakimbia." Kicheko kilikatika. Chance mwenyewe alisogea karibu. "Unaapa?" Nikaapa. Kiapo chenyewe hakikuwa cha uongo, na hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Mwaka ule hali ilikuwa mbaya. Tulisikia maduka ya wageni yanavunjwa mitaa mingine, na sisi wenyewe, Warundi na Wakongo wa ua ule, tulikuwa tunaongea Kiswahili kwa sauti ya chini tukiwa barabarani. Nisije nikawasingizia wenyeji: neno lile lilitoka kwetu, kwenye ngazi zetu. Chance alimwambia mama yake, mama yake akawaambia wateja wake, na kila kichwa kilichosukwa wiki ile kiliondoka nalo. Siku ya tatu nililisikia kwa mama wa Kizulu aliyekuja kupima gauni kwetu. Kwake lilikuwa limekua: televisheni ilikuwa taarifa ya habari, na Selim alikuwa ametoroka polisi wa kwao. Mama aliacha kukanyaga mashine. Alinitazama akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe unakaa kule kila siku. Umesikia kitu kama hicho?" Nikasema hapana. Akaniambia nisiende tena dukani mpaka atakaponiambia. Nilikaa chumbani siku mbili, nikimwona Selim ng'ambo akitoka nje, akitazama dirisha letu, akirudi ndani.

Ijumaa, saa kumi jioni, Sipho alipotea. Alikuwa na miaka minne, mjukuu wa bibi aliyekaa pembeni mwa duka, ambaye mtaa mzima tulimwita Gogo. Gogo alipita nyumba kwa nyumba akiwa na skafu imemwanguka, akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha kwa sauti isiyo ya kawaida. Haikupita nusu saa watu walikuwa wamejaa mbele ya gereji. Mama alinishika mkono tukatoka, maana ukibaki ndani unaonekana unaficha kitu. Wanaume wawili walikuwa wanatikisa lango la nondo. Selim alikuwa ndani, mikono juu ya kaunta ionekane, akirudia, "Hapana mtoto hapa, rafiki yangu, hapana mtoto, ingieni mtazame." Aliyeshika lango alimjibu, "Tunakujua wewe. Kuna mtu amekuona kwa macho yake kwenye televisheni unaiba mtoto sokoni." Neno kwa neno. Nilijibanza nyuma ya Mama. Mama alidhani nimeogopa watu.

Selim aliposikia neno televisheni, uso wake ulifunguka. Maskini, alidhani amepona. "Hiyo! Hiyo ni sinema! Nawaonyesha!" Akaigeuza televisheni ielekee dirishani, akaweka sahani, na watu waliokuwa wanatafuta mtoto akawaonyesha picha ya mwizi mwenye uso wake akimnyakua mtoto. Ni mtu aliyewahi kusimama kwenye lango la studio tu ndiye angeweza kufanya kosa hilo. Yeye aliona kazi yake. Wao waliona kovu. Ukapigwa ukelele ambao sijausikia tena, jiwe likagonga nondo, chupa ya soda ikapasuka ndani.

Nilichomoa mkono wangu kwa Mama. Nilikuwa mdogo, nikapita chini ya mikono ya watu mpaka dirishani. Nilitaka kusema, mimi ndiye niliyesema. Hilo ndilo lililokuwa mdomoni, naliapia. Lililotoka likawa jingine: "Weka ile unayokufa!" Hakunielewa, nilisema kwa Kiswahili. Basi nikashika kifua, nikapepesuka, nikajiangusha chini mbele ya viatu vya watu wale. Selim akaelewa. Sahani ikazunguka, ikazunguka, picha ikakwama, mtu akasema, "Anatuchezea huyu," lango likalia tena. Kisha ikaja barabara, na mvua, na Selim mwenye fulana nyeusi ile ile anapigwa risasi. Alishika kifua, akageuka mara mbili, akaanguka taratibu juu ya mkono wake ili asijiumize, akatulia. Halafu akainua kichwa kidogo kuangalia kama kamera imeshapita, akalala tena.

Gogo alikuwa mbele kabisa, vidole kwenye nondo. Alimtazama Selim wa kwenye picha, akamtazama Selim wa kwenye kaunta. "Hawu," alisema. "Huyu hajui hata kufa."

Mtu alicheka. Kisha mwingine. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini mkono wa yule mwanaume ulishuka kutoka langoni. Selim, bila kuambiwa, akaweka ile ya harusi, akaonekana anapiga ngoma akitabasamu meno yote, na watu walikuwa wanaitazama ile ngoma mjomba wa Sipho alipotokea kwenye kona akiwa amempakata mtoto, kichwa kimenyolewa upya kinang'aa. Alikuwa amempeleka kwa kinyozi bila kumwambia mtu. Gogo alimchapa mjomba kwa skafu mpaka akachoka, ndipo akakaa chini barabarani akalia. Wale wawili waliokuwa langoni, ili niwe mwadilifu, mmoja alifagia vipande vya chupa. Mwingine alinunua mkate akaondoka.

Mtaa ulinisifu. Kijitoto cha Kirundi kimemwokoa mwenye duka kwa kujifanya maiti. Selim alitoka nje, akaweka mkono kifuani, akaniinamia kama mtu mkubwa, akanipa pakiti ya biskuti za tangawizi. Niliipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Nilipogeuka, Mama Chance alikuwa ananitazama. Yeye alijua neno lile lilikotoka. Hakusema kitu, siku ile wala baadaye, na sijui alinihurumia mimi au alijihurumia mwenyewe. Jioni Mama aligawa biskuti na chai, akaniwekea mbili. "Kula, ni zako, umezifanyia kazi." Nilikula zote mbili.

Niliporudi dukani likizo ilipokuwa inaisha, Selim alinipa kreti yangu ile ile. Televisheni ilionyesha kriketi. Nilimwuliza zile sinema ziko wapi, akasema mashine ni mbovu, lakini kriketi yenyewe ilikuwa inatoka kwenye sahani. Hakuweka tena sinema ya kwao nikiwepo wala mwingine akiwepo. Kabla ya Krismasi gereji ilifungwa, tukasikia amehamia mji mwingine. Labda ni kwa sababu ya siku ile, labda ni kodi, labda ndugu alimwita. Siwezi kujibebesha yote, na siwezi kujitua yote. Kilicho changu ni hiki: nilikuwa na miezi mitano ya kumwambia, na sikumwambia.

Leo mchana, harufu ya haradali ikiwa bado viganjani, simu ililia. Kundi letu la wasusi kwenye simu lina watu wengi kuliko ua wetu ulivyokuwa, na neno halihitaji tena kichwa cha kulibeba. Sauti ya mwanamke ilikuwa inasema kwamba mwenye duka fulani kule Bellevue amefungia mtoto ndani, kuna mtu ameona kwa macho yake, sambazeni. Chini yake zilikuwa zimepangana alama za hasira. Wakati ule neno langu lilichukua siku tano kufika langoni. Hili lilikuwa na dakika sita. Niliandika: "Nani ameona, na ameona wapi?" Nikaandika tena. Mmoja akaniuliza kama nimeanza kulipwa na wenye maduka. Sikulisambaza, na najua kutosambaza kwangu hakukulizuia.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia binti yangu Samira habari ya Selim. Safari hii nilimsimulia yote, maana hapo awali nilikuwa nikimsimulia kuanzia pale dirishani tu. Anaelewa Kiswahili lakini ananijibu kwa Kiingereza. Aliacha kula. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, ili asikosee. "Kwa hiyo yeye alikushukuru wewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukachukua."

Tulikula papu, ule ugali wa huku, kwa mboga ya lengalenga na dagaa wa kukaanga. Baadaye tulikunywa chai, kavu. Biskuti za tangawizi sinunui.