Kitambaa Kilichofuliwa Mno

Njugu alikuwa hajajua kutembea, lakini kukataa alikujua vizuri. Jioni mama yake alipoingia mlangoni na kunyoosha mikono, mtoto alimtazama, akakunja pua, akageuka na kuuficha uso shingoni mwa shangazi yake.

"We Njugu, usimwaibishe mama yako!" Wifi alicheka huku akimpigapiga mgongoni. "Mgeni huyu? Mkaribishe basi!"

Mama Njugu naye alicheka, kicheko cha meno tu. Alipitiliza bafuni moja kwa moja, akajimwagia maji na kujisugua mikono mpaka ikawa myekundu. Aliporudi sebuleni akinukia sabuni ya waridi, mtoto alimkodolea macho kama anayejaribu kukumbuka walionana wapi.

Walimwita Njugu kwa sababu alizaliwa mdogo mno, baba yake akisema anaweza kumtia mfukoni mwa shati. Likizo ya uzazi ilipokwisha, baba huyo, fundi wa mabomba, alimleta dada yake mdogo aje kumlea mtoto. Hakuna aliyeweza kumsema vibaya Wifi. Nyumba ilikuwa safi, mtoto kanona, chakula kiko mezani. Hilo ndilo lililomuuma zaidi Mama Njugu. Angekuwa mvivu, angalau angepata pa kumshikia.

Wifi alijua Njugu hulalia ubavu gani. Alijua wimbo gani humnyamazisha. Neno la kwanza la mtoto lilikuwa "Sha!" na kila mtu nyumbani alijua Sha ni nani. Halafu kulikuwa na lile neno la Wifi la kila siku: "Njugu wetu." Njugu wetu kaota jino. Njugu wetu leo kapiga makofi. Wetu! Mama Njugu alilimeza neno hilo kama kidonge kichungu kisichotaka kushuka.

Na kitambaa je? Alikuwa na vitambaa viwili vyeupe vya kujifunga kichwani kazini, anafunga kimoja leo na kingine kesho. Kile cha zamu ya kupumzika alikitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Lakini mara kwa mara alikuta msumari mtupu, na kitambaa akakiona chumbani kwa Wifi, juu ya kitanda. Hakuuliza. Alijisemea moyoni: Mtoto kamchukua, sasa anataka na vya kichwani mwangu.

Kiwandani alisimamia tangi. Walitengeneza gundi nyeupe, ile ya maseremala, na nyingine iliyokwenda kwa watu wa rangi za ukutani. Kazi yenyewe ilianza kwa maji ya moto na sabuni. Kisha yakaja maziwa kidogo ya gundi ya jana, ambayo wao waliyaita mbegu. Baada ya hapo dawa ya kuwasha kazi, waliyoiita kiberiti ingawa haikuwa na moto, na mwisho mafuta. Hayo mafuta si ya kupikia. Ni kimiminika chepesi chenye ukali wa kupanda puani, kisichopatana na maji hata kidogo, na kilidondoshwa tone kwa tone huku pangaboi la ndani likizunguka.

Siku zake za mwanzo aliuliza sabuni ni ya nini, wakati hakuna kinachofuliwa. Mkemia, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwonyesha kwa glasi mbili. Katika ya kwanza alitia maji na mafuta, akakoroga. Alipoacha, kila kimoja kilirudi upande wake kama watu waliogombana. Katika ya pili aliongeza tone la sabuni, akakoroga tena, na vyote vikawa maziwa.

"Kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia, mwanangu," alisema. "Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Zikizidi kidogo ndani ya maji zinajikusanya, mikia ndani, vichwa nje, zinafanya vijumba vidogo usivyoweza kuviona. Mafuta yanaingia humo. Kiberiti kikifika, chembe za mafuta zinashikana mikono humo humo ndani, moja kwa nyingine, mpaka mnyororo mrefu. Hiyo ndiyo gundi."

"Na bila sabuni?"

"Inakwenda polepole, kisha punje zinagandana, unapata mabonge. Tangi zima unalichimba kwa koleo."

"Basi tuijaze sabuni, tuwe salama."

Mkemia alicheka. "Ukiijaza, vijumba vipya vinazaliwa kila upande. Mafuta yaliyokuwa yanazinenepesha mbegu zako za jana yanagawanywa kwa wageni. Unapata punje nyingi ndogo ndogo, maziwa yanaingia rangi ya buluu, na povu linakupanda mpaka kifuniko. Sabuni ni ya kupimwa, haimwagwi."

Mama Njugu alilishika somo hilo barabara. Tangi lake halikuwahi kuganda wala kufanya povu. Kipimo chake kiliaminiwa na kila mtu.

Tatizo ni harufu. Gundi ilipoiva ilibaki na uchachu kama wa siki, ukaingia kwenye nywele, kwenye shingo, kwenye nguo. Basi aliamini hicho ndicho kilichomkunjisha mtoto pua. Siku moja alimwendea Mkemia na kichupa.

"Mama, naomba kidogo ile ya tangini. Sabuni ya dukani hainitoi hii harufu."

"Hii? Hii ina nguvu, binti. Nusu kijiko kwa ndoo nzima, na usuuze sana."

"Nimesikia, mama."

Alisikia, lakini alipofika nyumbani alimimina kikombe. Alifua koti la kazi, akafua magauni, akafua shuka. Alipopita nyuma ya mlango akakuta msumari mtupu tena, damu ikamchemka. Akaingia chumbani kwa Wifi, akakichukua kitambaa kitandani bila hata kupiga hodi, akakitumbukiza ndooni. Alikisugua kwa hasira, akakikamua, akakisugua tena. Povu lilifurika mpaka uani. Kilipokauka alikinusa. Hakikunuka chochote, hata pamba. Akakirudisha msumarini, roho yake kwatu, akaamua kesho atafunga tena kile kingine ili hiki kisinuke upesi.

Siku iliyofuata mafuta yalikuwa bado yanadondoka tangini pale mlinzi alipochungulia.

"Mama Njugu! Getini kuna kelele zako."

"Zangu vipi?"

"Zinafanana na wewe. Zina mdomo hivyo hivyo."

Alimwachia Mkemia koki ya mafuta, akatoka mbio. Getini alimkuta Wifi anatokwa jasho, kavaa ndala zisizolingana. Njugu mgongoni alikuwa anapiga mayowe, sauti imekauka.

"Ana nini? Ameanguka?"

"Wifi, umekifua?"

"Nini?"

"Kitambaa! Kile cha msumarini, umekifua?"

"Ni changu, nisikifue?"

"Halali bila hicho!" Wifi alikuwa karibu kulia. "Kila mchana namfunika nacho. Anakishika, anakiweka puani, analala. Leo nimempa, kakinusa, kanitupia usoni! Tangu hapo analia. Nimeimba nyimbo zote mpaka nimetunga nyingine."

Mama Njugu alikigusa kitambaa cha kichwani. "Lakini jioni anakunja pua. Ananikimbia."

"Anakununia, wifi! Umemwacha kutwa nzima, asinune? Angenuna kidogo akamaliza. Lakini wewe unakimbilia bafuni, unarudi unanuka maua. Atajuaje ni wewe?"

"Miezi yote hii ulijua, hukuniambia?"

Wifi alitazama chini, akachora mchanga kwa ncha ya ndala. "Ningekwambia nini? Kwamba namwimbia, nambeba, mgongo unanikatika, halafu anayemlaza ni kitambaa chako? Unadhani ni wewe tu unayeona wivu?"

Mlinzi, aliyekuwa anasikiliza kila kitu, ghafla aliliona kufuli la geti lina vumbi, akaanza kulifuta.

Mama Njugu alimfungua mtoto mgongoni, akampakata. Njugu alipiga kelele moja zaidi, ikakatikia njiani. Pua ilimtangulia, ikapita kwenye kola, ikapanda shingoni. Akakishika kitambaa cha kichwani kwa mikono yote miwili, akakivuta mpaka kikafunguka, akakikumbatia. Kwikwi mbili, tatu, akalala.

"Binti, mafuta!" Mkemia aliita kutoka mlangoni. "Njoo ulitazame tangi lako!"

Alimrudisha mtoto mgongoni kwa Wifi taratibu, akajaribu kukitoa kitambaa mikononi mwake. Hakikutoka. Basi akakiacha, akasimama getini na nywele timutimu, akiwatazama wanavyoondoka. Hakumwonea tena kijicho Wifi. Sasa alikionea kile kitambaa, kilichopata kulala pale ambapo yeye angelala.

"Kile kilichofuliwa ukakitupe," mlinzi alimshauri. "Hakina kazi tena."

"Kitapona," alisema. "Nitakifunga kesho."

Jioni hiyo hakuingia bafuni. Aliketi sakafuni karibu na mlango, na koti lake la kazi, na uchachu wake wote. Kitambaa alikiona kwenye mkeka. Alikivuta kimyakimya, akakikalia.

"Wifi, nimekuona!" Wifi alisema kutoka jikoni.

"Nyamaza wewe."

Njugu alimtazama mama yake. Akakunja pua, akageuza uso ukutani, akanuna. Mama Njugu hakumwita wala hakunyoosha mikono. Alingoja. Mtoto alinuna, akachungulia, akanuna tena. Kisha akaanza kutambaa, akaupita mlango wa jikoni bila hata kusema Sha, akampanda mama yake mapajani na kuipachika pua yake shingoni.

Jikoni mwiko ulianza kugonga sufuria, kwa nguvu kuliko chakula kilivyohitaji.